Kompyuta Iliyobarikiwa Kiogoro

Watu wa Kiogoro huniita Mwalimu Sanduku, nami siku hizi naitika bila kinyongo. Acheni niwaeleze mwenyewe.

Mfanyabiashara mmoja Mhindi alipokuwa akifunga ghala lake mjini Kisii, alituruhusu sisi walimu tujichukulie kompyuta zake kuukuu. Nilichagua skrini kubwa kuliko zote, kibodi, na sanduku moja zito la chuma lililonivutia kwa uimara wake.

"Mwalimu, hukuchukua nyaya za sanduku?" aliniuliza Ombati, fundi wa redio.

Nikamcheka. "Sanduku na nyaya wapi na wapi, ndugu yangu?"

Siku ya uzinduzi wazazi walijaa shuleni. Skrini niliivika kitambaa alichofuma mke wangu. Sanduku nalo nililivika kingine, nikamtengea mchungaji liwe meza ya kuwekea Biblia. Akaiombea kompyuta kwa kirefu, tukaitika amina, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi tii.

"Yule Mhindi ametupa mbovu!" nikatangaza.

Ombati akasimama nyuma, kofia mkononi.

"Samahani, mchungaji. Hebu inua Biblia kidogo. Kompyuta ndiyo hilo sanduku uliloliegemea."