Matusi ya Shangazi

Mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Mke wangu anasema nilizaliwa nimenuna, na marubani wenzangu uwanjani wananiita Ndimu; sijawahi kuuliza kwa nini, jibu ninalo. Lakini yule mama wa redio namshukuru, tena kwa sauti, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Tunamwita Shangazi. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini kabla ya kuja kukaa kwenye chumba cha redio cha uwanja wetu mdogo wa ndege, chumba chenye dirisha moja, birika la umeme na feni inayolalamika kutwa. Akifika huvua viatu, huvisukuma chini ya meza, hujivika visikio, kisha huanza kuzungumza na sisi tulio juu. Yeye mwenyewe hajapanda ndege hata siku moja. Hata balbu ikiungua humwita mlinzi apande kiti.

Ana sheria yake ambayo hakuna aliyemwomba. Rubani akivuka futi elfu kumi na mbili, kila dakika kumi lazima ajibu hesabu: aanze na mia, atoe saba, atoe saba tena, mpaka Shangazi aridhike. Alisoma mahali kwamba huko juu hewa ni nyepesi, na mtu asipovuta oksijeni ya mtungi akili humtoka polepole huku akijiona mzima, tena mwenye furaha. "Mlevi hajui kama amelewa," alituambia. "Hesabu ndiyo itakayomsema." Wenzangu walijibu kwa heshima. Mimi nilijibu kama mtoto anayemezeshwa dawa.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu kwenye ndege ya viti vinne ninayomiliki pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilipanda hadi futi elfu kumi na nane ili nipite juu ya milima iliyokuwa mbele. Barakoa ya oksijeni niliivaa sawasawa. Ila nilikuwa nimechukua ramani kwenye begi, na begi lenyewe nikalirudisha kiti cha nyuma, juu ya mrija wa oksijeni. Begi zito, mrija laini, ukabanwa. Nasema kwa aibu, kwa sababu kosa hilohilo niliwahi kumkemea shemeji mbele za watu.

"Ndimu, mia toa saba," Shangazi akaita.

"Tisini na tatu, Shangazi wangu mzuri."

"Endelea."

"Themanini na... weka yoyote unayoipenda. Leo sauti yako tamu kweli!" Nikacheka.

Baadaye aliniambia hesabu ilimtia wasiwasi, lakini kicheko ndicho kilichomwinua kitini. Miaka tisa hakuwahi kunisikia nikicheka.

"Angalia mrija wako, mwanangu. Kisha shuka. Shuka mpaka elfu kumi."

"Nishuke nifuate nini? Huku raha tupu."

Aliamuru, akaomba, akabembeleza. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimjibu kwa wimbo. Kucha zangu zilikuwa zimegeuka bluu, nakumbuka, na nikaona zimependeza.

Ghafla sauti yake ikawa nyingine.

"Basi kaa hukohuko. Kwanza kutua hujui. Unaiangusha ndege kama gunia la viazi. Rubani ni shemeji yako. Wewe ni dereva wa trekta aliyepotea njia."

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Kama unabisha, shuka sasa hivi uje uniambie usoni. Lakini najua hutashuka. Mwoga wewe."

Jamani, damu ilinichemka! Akili ilikuwa imeshakwenda zake, lakini hasira zangu hazihitaji oksijeni. Nikapunguza nguvu ya injini, nikaigeuza ndege, nikaielekeza pua chini, narudi nikamkomeshe. Elfu kumi na tano. Elfu kumi na mbili. Kwenye elfu tisa kichwa kikaanza kuuma, nikaliona begi, nikauona mrija, nikaziona kucha zangu. Bila kuulizwa nikasema redioni, "Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa."

Nilitua, na ukweli usemwe, niliidundisha. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwake. Nilimkuta amesimama peku katikati ya chumba, visikio shingoni, uso umelowa machozi. Mimi na ubabe wangu wote nikapiga magoti nikamshika mikono.

"Ahsante, Shangazi," nikasema. "Ahsante kwa kunitukana."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi sijazoea kutukana, mwanangu. Yale niliyokuambia ndiyo yote niliyokuwa nayo. Usingegeuka, sikuwa na jingine."