Chupa Zisizo na Midomo za Mama Emerance

KALEMIE. Saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia kutoka ng'ambo ya ziwa, na Mama Emerance tayari anachoma chupa.

Ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Kataki, chupa ya bia iliyovunjika mdomo ameibana kati ya magoti. Anaizungushia uzi wa pamba uliolowa petroli ya taa, chini kidogo ya pale ilipovunjika. Anafunga fundo, anakata mkia wa uzi kwa meno, anatema.

"Petroli nimekula nyingi kuliko taa," anasema.

Kiberiti kinawaka. Pete ya moto inaizunguka chupa, naye anaigeuzageuza polepole kama mtu anayechoma muhindi. Moto unapokaribia kuzimika, anaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya ziwa.

Tak!

Shingo inabaki ndani ya ndoo. Mkononi mwake kuna chombo kirefu cha rangi ya kahawia, ukingo umenyooka kana kwamba umepitiwa na wembe. Anausugua kwenye jiwe kwa mchanga na maji mpaka unakuwa laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Majirani wanaapa kwamba kuku wa Kataki wamekwisha kumdharau jogoo. Siku hizi wanasubiri hiyo tak ndipo washuke mtini.

Lakini leo Mama Emerance ana wasiwasi. Leo ni harusi ya Christiane, mjukuu wa Bibi Alphonsine. Na Bibi Alphonsine, aliyewasili juzi kwa mtumbwi wa mashine kutoka Mpala, ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba hatakaa kwenye meza iliyopambwa na Mama Emerance.

"Asipokaa, mimi naacha hii kazi," anasema mama huyu bila kuinua macho. "Kweli naacha. Nitauza ndagala wa ziwani kama wenzangu."

Mumewe, Papa Barthélemy, mstaafu wa reli, anakunywa chai mlangoni.

"Ndagala gani?" anauliza. "Wewe utawapanga kwenye sinia kama maua, watu waogope kuwagusa, waozee pale pale."

"Kunywa chai yako, Papa."

"Mimi nilioa muke," mzee analalamika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sasa niko naishi ndani ya depo ya chupa."

Mama Emerance alizaliwa Kabalo, pale reli inapokutana na mto, binti wa mfanyakazi wa reli aliyekuja kuolewa na mfanyakazi mwingine wa reli. Kalemie alipoijia kama bibi arusi, kitu cha kwanza kilichomshangaza hakikuwa ziwa. Yalikuwa maua, yaliyomwagika juu ya nyua za nyumba za zamani za wafanyakazi, mekundu na ya zambarau, na hakuna aliyeyatazama isipokuwa mbuzi.

Pambo lake la kwanza alilitengeneza kwa komunyo ya kwanza ya binti yake. Pesa ya kitambaa kizuri haikuwapo. Akaokota chupa iliyovunjika, akaikata, akaijaza maua ya uani kwa jirani, akaiweka katikati ya meza tupu.

Yaliyofuata anayasimulia Papa Barthélemy, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kupunguza chumvi. Kwa maelezo yake, padre alisahau kubariki chakula kwa kukodolea macho maua. Nyuki nao walifika wamejipanga mistari miwili kama wanafunzi, wakazunguka meza mara moja, wakatoka kwa adabu.

"Uliza muntu yeyote," anasema.

Tangu hapo Mama Emerance hajapumzika. Chupa anazotumia ni zile zilizovunjika midomo tu, ambazo wenye baa hawawezi kuzirudisha. Nzima hazigusi. Hapa hununui bia bila kurudisha chupa tupu, na kumkatia mtu chupa nzima ni sawa na kumchinjia mbuzi wake. Chupa zilizokatwa anazifunga tatu tatu kwa ukindu, anazisimamisha juu ya kipande cha ubao, kisha anapanga makombe ya konokono wa ziwani kuzunguka miguu ya chupa hizo.

Maua husimama kwa kazi ya mgomba. Mama Emerance anakata kipande cha shina la mgomba, anakichonga kiingie sawasawa ndani ya chupa, anakitoboatoboa kwa kijiti. Shina hilo limejaa maji yake lenyewe, naye anaongeza mengine kidogo. Kila ua analichomeka kwenye tundu lake, na hapo litabaki limenyoosha shingo mpaka ngoma zinyamaze.

Malipo hataki noti. Mwaka huu wa 1992, noti inayonunua sabuni asubuhi haitoshi kiberiti jioni. Kwa harusi moja anapokea kilo tano za sukari, vipande vinne vya sabuni ya Kigoma, na familia ikiwa na moyo, kitenge. Sukari hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba tangu pensheni ya mumewe ilipoanza kufika kwa kuchelewa, kisha ikaacha kufika.

Ila harusi zimepungua, na sababu yake ni moja.

Miaka miwili iliyopita mjukuu mwingine wa Bibi Alphonsine alioa hapa mjini. Mama Emerance alitaka kufanya kitu ambacho hakijawahi kuonekana: mezani yasiwekwe maua yaliyokatwa, iwekwe miche hai. Alinunua vyungu vizuri vya udongo kutoka kwa akina mama wa Mpala wanaoshuka na mitumbwi. Ili mizizi isioze, akatoboa kila chungu tundu chini.

Bibi Alphonsine alikiinua chungu kimoja ili anuse ua. Kidole chake kikaingia kwenye tundu.

Kwao, chungu hakitobolewi chini ila kwa safari moja. Ni kile kinachowekwa kichwani pa kaburi, kikiwa kimetobolewa ili asiwepo mtu wa kukirudisha jikoni. Bibi hakupiga kelele. Alikirudisha mezani, akasimama, na upande wake wote ukasimama naye. Wali ukapoa. Bwana arusi akabaki na meza iliyojaa vyungu vya makaburi na wakwe waliokuwa wakitazamana.

"Mimi nilisimama mulangoni," anakumbuka Mama Emerance. "Sikusema neno. Sikujua hata nimefanya nini. Aliniambia muke mumoja kesho yake, sokoni."

Kutoka siku hiyo hakuna familia ya Mpala iliyomwita, na watu wa Mpala mjini Kalemie si wachache. Kila jambo likawa lake. Mvua ikichelewa, ni yule mama wa vyungu. Ndagala wakihama, ni yeye. Kuna mzee aliyedai kwamba hata treni ya Kabalo haikufika wiki mbili kwa sababu ilisikia habari ile njiani, ikaogopa.

Ndiyo maana Christiane alipokuja kumtaka apambe harusi yake, mama huyu alikataa mara mbili. Binti hakuondoka.

"Mama, Bibi ni wangu na harusi ni yangu," alimwambia. "Mimi nitagombana na Bibi. Wewe gombana na maua yako."

Saa saba mchana wa siku hiyo ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Upande mmoja walikaa watu wa bwana arusi, Edmond, familia ya wavuvi waliohamia kutoka pande za Baraka. Upande wa pili, viti vya watu wa Mpala vilikuwa vitupu. Walikuwa wamesimama ukutani wakimsubiri mkubwa wao.

Bibi Alphonsine akaingia na fimbo yake. Ni mwanamke mdogo, mwembamba, lakini jinsi watu walivyompisha ungedhani linapita lori. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya maarusi, akakamata chombo cha kwanza, akapitisha kidole chini. Akagonga kwa ukucha. Akakiinua mpaka usawa wa jicho. Akaenda cha pili. Akavipitia vyote namna hiyo, bila haraka, huku baba wa bwana arusi, Papa Jérôme, akinong'ona kwamba samaki wake alikuwa anakufa mara ya pili kwa baridi.

"Hapana tundu," Bibi akasema mwishoni.

Akakaa, lakini kwa ukingo wa kiti, kalio moja ndani, moja nje, fimbo mkononi. Watu wa Mpala wakaegemea ukuta, hawajui kama hiyo ni kukaa au ni kupumzika.

Hapo ndipo kitambaa kilipoanza kulowa.

Katikati ya meza palikuwa na chombo kikubwa kuliko vyote, kilichokatwa kutoka kwenye chupa ya divai ya misa iliyovunjika mdomo, aliyopewa na msimamizi wa sakristia. Moto ulikuwa umezidi kidogo. Ufa mwembamba kama unywele, ambao hakuna kidole kingeuhisi, ulikuwa unatoa maji tone kwa tone, na maji yalikuwa yanatembea juu ya kitambaa cheupe kuelekea kwa Bibi Alphonsine.

Papa Barthélemy, aliyesimama karibu na meza akimsaidia mkewe, aliona. Mzee huyu, ambaye kwa miaka mingi alifunga breki za mabehewa, akanyoosha sahani ya wali ili kulifunika lile doa. Alikuwa amebakiza kiganja kimoja afike.

Mkewe akamshika mkono.

"Acha, Papa."

Mama Emerance akapita mbele ya watu wote, akakiinua chombo na maua yake, maji yakimtiririka mpaka viwikoni.

"Mama Alphonsine," akasema, na sauti haikuwa kubwa, "hii inavuja. Ni kosa yangu, moto ulipita kipimo. Naiondoa."

Hata watoto wakaacha kutafuna.

Bibi akamtazama. "Mwaka ule wewe haukusema kitu."

"Mwaka ule sikujua, Mama. Kwetu Kabalo nyungu ikitoboka tunatupa tu."

"Na ulipokuja kujua? Mbona haukukuja kuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Mama."

Bibi akageuka kuwatazama watu wake ukutani. "Munasikia? Mutu mukubwa hivi, anacheza na moto kila siku, ananiogopa mimi. Mimi wa meno mawili!"

Papa Jérôme ndiye aliyecheka wa kwanza, tena kwa woga, kisha kicheko kikaenda ukumbi mzima. Bibi hakucheka. Alimwita mmoja wa binti zake.

"Nenda ulete ile nyungu niliyokuja nayo."

Ililetwa imefungwa kwenye kitenge: mtungi wa maji, mpya, tumbo pana, shingo yenye mistari iliyochorwa kwa ganda la konokono. Bibi aliufinyanga mwenyewe ili Christiane anywe maji humo katika nyumba yake mpya.

"Weka maua yako ndani," alisema. "Kesho mutoto atayatoa, atachota maji."

Mama Emerance alijaribu. Lakini kipande cha mgomba kilichopimwa kwa chupa kilikuwa chembamba kwa shingo ya mtungi. Kilitumbukia, maua yakalala upande kama walevi. Akajaribu tena. Yakalala tena.

"Yashike hapa, Mama," alisema, bila hata kufikiri anamwambia nani. "Kwa shingo. Usiyabane sana."

Bibi Alphonsine akaweka fimbo chini. Akayashika maua kwa mikono yote miwili, huku mwenzake akipasua mgomba na kusukuma vipande pembeni, kimoja baada ya kingine, mpaka yakasimama. Mkubwa wa Mpala alirudi nyuma hatua moja, akatazama kazi yake, akasogeza ua moja jekundu kidogo kushoto.

Kisha akavuta kiti, akakaa kiti kizima.

Viti vya watu wa Mpala vikajaa kwa kishindo. Samaki wa Papa Jérôme, kwa ushuhuda wa waliokuwapo, alipata moto tena mwenyewe kwa furaha.

Jumatatu, kabla ya mtumbwi kuondoka, Bibi Alphonsine alipita Kataki. Hakuingia ndani, alisimama uani akazitazama chupa.

"Zinapendeza," alikiri. "Lakini chupa wewe unaikuta imekwisha kutengenezwa na wengine. Njoo mvua ikiisha, wakati tunachimba udongo. Nitakufundisha nyungu kuanzia chini."

Mama Emerance amekwisha kuamua. Mvua ikiisha atakwenda Mpala, akae mwezi mzima. Anataka kurudi akiwa anajua kufinyanga mtungi wenye shingo ya kushika maua na tumbo la kutosha maji, ambao bibi arusi anaweza kuuhamisha kutoka mezani kwenda jikoni. Familia mbili za Mpala zimekwisha kumwita kwa harusi za kiangazi, nazo zimeambiwa zisubiri arudi.

Kuna sharti moja tu linalomsumbua. Bibi amesema udongo hautaki pete, na pete yake ya ndoa haijapata kutoka kidoleni tangu Kabalo. Wiki nzima sasa anahangaika nayo kwa sabuni ya Kigoma, kwenye kigoda kile kile, huku Papa Barthélemy akimtazama kutoka mlangoni.

"Usitoe macho hivyo," mkewe anamwambia, akivuta. "Ikitoka utanitunzia. Nikirudi unanivalisha tena, na meza ya siku hiyo naipamba mimi mwenyewe."