Aliyeiona Nyongo Akanyamaza

Harufu ya nyongo ya samaki haifanani na harufu nyingine. Si uvundo; samaki aliyeoza ananuka vingine kabisa. Nyongo ina ukali wa kijani, kama majani machungu yaliyotafunwa yakatemwa, na ukiipasua kwa ncha ya kisu inakimbilia ndani ya nyama upesi kuliko maji kwenye mchanga. Utaosha, utatia ndimu, utatia pilipili mpaka uchoke, chungu kizima kitakuwa kichungu tu. Mimi niliijua harufu hiyo kabla sijaweza kusoma jina langu, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Shule yangu ilikuwa ufukoni, kule karibu na Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, msimu ule mama alipougua mgongo na mimi nikatolewa darasani nikakae mahali pake, kati ya wanawake wanaosafisha samaki.

Tulikaa juu ya mawe, miguu majini, na jua likatutokea usoni kutoka ng'ambo, upande wa Kigoma. Magamba yaliruka yakatuganda mashavuni, na mchana ukijaribu kuyabandua yanatoka na ngozi. Midomo ilifanya kazi kuliko visu. Pale ndipo waume za watu walipochambuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa. Lakini katika kelele zote zile palikuwa na sheria moja, na shangazi yangu alinipa siku ya kwanza kabla hajanipa kisu: ukiona kisu cha mwenzako kinaelekea kwenye nyongo, unapaza sauti, "Nyongo!" Hata kama mwenzako huyo jana alikutukania mama. Na ikijulikana kwamba uliona ukanyamaza, yule samaki anapikwa peke yake, anawekwa mbele yako, unamla mpaka mifupa watu wakitazama. Nilimwona mwanamke mzima mwenye watoto wake akila hivyo, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemsaidia hata tonge moja.

Mimi nilikuwa na adui yangu pale, Sifa, binti wa mke wa pili wa baba. Tulikuwa rika moja, na tulipigana mpaka tukang'oana nywele. Asubuhi moja alikuwa ameniambia mbele ya wote kwamba mama yangu haumwi, ni mvivu tu. Na siku hiyo nilikuwa nimepewa kuhe mkubwa, samaki wa wageni waliokuja kumposa dada yangu, na nilimkata bila kumtazama, kwa hasira, kama mtu anayepasua kuni. "Nyongo, wewe mjinga!" Ilikuwa sauti ya Sifa. Kisu kikasimama pale pale, na nilipotazama, kile kifuko cha kijani kilikuwa chini ya ncha kabisa, kimebonyea. Sifa akanipa mgongo na hakuniongelesha wiki nzima. Hakunipenda hata kidogo yule msichana, lakini aliniambia. Vita vilipokuja kila mtu alikimbilia upande wake, na mpaka leo sijui kama yu hai.

Sasa nimezeekea Sydney, katika ghorofa la matofali mekundu kule Auburn, na ninayo fahari moja: mjukuu wangu Neema. Mama yake, binti yangu Riziki, anafanya kazi kwenye ghala moja karibu na bandari, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Mwaka ule wa kwanza wa korona walipofunga shule, Neema alisomea kwenye meza yangu ya chakula, kompyuta mbele yake, mimi na vitunguu vyangu pembeni. Siku moja nikamuuliza anasoma nini. Akanijibu bila kuinua macho, "You won't get it, Bibi." Yaani sitaelewa. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikaapa moyoni kwamba kabla sijafa mtoto huyu ataona kitu kimoja ninachokijua mimi.

Basi jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mama Zawadi, akaja na habari. Huyu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ni mtu wa milimani, kwa ng'ombe, lakini alisoma hadi sekondari, anatunza wazee kazini kwake, na Kiingereza anakinywa kama maji. Kusafisha samaki nilimfundisha mimi, jikoni kwangu, kwa samaki wa duka la Auburn, na hadithi ya nyongo na ya Sifa nilimsimulia mpaka akaweza kuisimulia mwenyewe. Akasema, "Mama Riziki, kuna mashindano ya kuvua karpe, bwawani, nje kidogo ya mji. Atakayemtoa mzito kuliko wote anapewa kikombe." Kwetu Kongo karpe ni samaki wa heshima, anawekwa mbele ya mgeni. Huku ni samaki mwingine, mnene, wa matope, na wenyeji wanamchukia kwa kuharibu mito yao. Sikujali. Nilimwambia Neema, "Kikombe hicho kitakaa juu ya televisheni."

Tulikwenda wakati jakaranda zimemwaga maua yake ya zambarau barabarani, korona imelegea kidogo. Tulivaa barakoa, tukasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mzungu mmoja mwenye kofia akasoma masharti kwa kipaza sauti. Neema alikuwa ameshapelekwa upande wa watoto, nyuma ya matete, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa Mama Zawadi. Nikamwona anamfuata yule mzungu, wanaongea, anatikisa kichwa. Aliporudi nikamuuliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema tusikaribiane, na filimbi ikilia tupeleke samaki kwenye mizani. Hayo tu, dada."

Siku ile ilinichosha kuliko shamba. Upepo uliipeleka kamba yangu kwenye matete, ndoano ikanasa kitenge changu, bata wakala ugali niliokanda kwa chambo. Mama Zawadi alitoa karpe wa wastani mapema na akakaa kwenye kiti chake cha kukunja akila njugu. "Samaki wa huku hawajui Kiswahili, Mama Riziki," aliniambia. "Waite kwa Kiingereza." Nikamwambia hata yeye nilimvua milimani bila kujua lugha yake. Tukacheka. Nasema tulicheka, na nataka ijulikane.

Jua lilipoanza kulala, kamba ikavutwa hadi nikapiga magoti. Nilimvuta samaki yule kwa mikono iliyokuwa na baridi yabisi, na alipolala kwenye nyasi watu wa pande zote wakasimama kumtazama. Alikuwa na tumbo la mayai, magamba kama sarafu, mdomo unanyonya hewa kama mtoto mchanga. Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa ufukwe wetu angekifanya hata usingizini. Nikamgonga kichwa, nikatoa kisu changu, nikampara magamba, nikamfungua. Kwetu samaki halazwi na matumbo yake, na kumpeleka mbele za watu na uchafu ndani ni matusi. Mayai yakajaa bakuli. Nyongo niliitoa nzima, bila mkwaruzo. Na muda wote huo Mama Zawadi alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Mkono wake ndio ulioshika chupa, ndio ulionimiminia maji nioshe damu. "Kisu chako kinacheza, dada," alisema. "Safisha vizuri."

Filimbi ikalia. Neema akaja mbio, akaniona nimembeba samaki kama mtoto wa kubatizwa, na uso aliokuwa nao sitausahau. Tukafika mezani. Mzee wa mizani, yule yule mzungu wa kofia, akamgeuza samaki wangu, akatazama tumbo tupu, akatikisa kichwa. Akaongea polepole, kwa huruma, lakini sikuelewa. Neema akawa mwekundu machoni. "Bibi, anasema samaki lazima awe mzima. Ukimkata hahesabiwi." Nikasema, "Mwambie sisi hatukuambiwa." Mtoto akamwambia. Mzee akanyoosha kidole kwa Mama Zawadi, akasema maneno machache. Neema akamtazama Mama Zawadi, kisha mimi. "She knew, Bibi. Aliuliza asubuhi. Kuhusu kukata."

Kiingereza hicho sikuhitaji kutafsiriwa. Mama Zawadi alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Samaki wangu, msafi kuliko wote waliokuwa pale, alitupwa kwenye pipa pamoja na wengine, wakafanywe mbolea. Kati ya waliobaki, karpe wa Mama Zawadi ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote; kikombe akapewa yeye, na akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyomzoea. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba kitakumiminia na maji ya kuosha mikono. Ufukoni kwetu aliyenyamaza alilishwa uchungu wake mbele ya watu. Huku alipigiwa makofi.

Hatukuongea tena. Mwaka uliofuata walitufungia upya, upande wetu wa mji kwa ukali zaidi, na nilimsikia akikohoa chini yangu usiku na sikushuka. Walipotufungulia, kanisa letu likafanya chakula cha shukrani, na wanawake tukapangiwa samaki. Nani alitupanga sijui, lakini nilijikuta jikoni mwa kanisa, Mama Zawadi upande wa pili wa meza, Neema kati yetu ameshika bakuli. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto huyu katika kufungiwa kule nilimfundisha kisu, na kufundisha kisu bila kufundisha sheria yake haiwezekani.

Mama Zawadi alikuwa amepewa samaki wa meza ya mchungaji. Amekonda, mikono haina nguvu. Nikaona ncha ya kisu chake inaingia vibaya, inapinda, inakwenda. Nikaiona vizuri kabisa. Na nikaubana mdomo wangu. Utamu niliousikia kwenye ulimi wakati ule siwezi kuusimulia mbele ya mchungaji.

"Nyongo!" Neema alipaza sauti hadi vyombo vikatulia. "Bibi Zawadi, nyongo!"

Kisu kikasimama. Nilitamani kumfinya yule mtoto. Mama Zawadi hakumtazama aliyemwokoa. Alinitazama mimi, na macho yangu yalikuwa bado kwenye kisu chake, hayakuwahi kukimbia. Tukainama wote wawili juu ya samaki wetu. Chakula kilikuwa kitamu, watu walirudia.

Kwenye treni ya kurudi, tulipopita kituo cha Lidcombe, Neema akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili safari hii, "Bibi, wewe uliiona?" Nikatazama nje. Kule kwetu swali hilo lilijibiwa kwa sahani moja na mtu mmoja kukaa mbele yake. Sifa, ambaye hakunipenda, hangeulizwa, maana alipoiona alipaza sauti. Huku hakuna ufukwe, hakuna mawe, hakuna shangazi wa kuniletea sahani. Yupo msichana mmoja mwenye sare ya shule. Sijamjibu mpaka leo. Lakini tangu siku ile, kila nikishika kisu jikoni, anakuja kusimama karibu na kuutazama mkono wangu, na mimi namwacha autazame.