Tarehe ya Mgongo Wangu

Mgongo wangu uliharibika jeshini mwaka tisini na moja, niliporuka kutoka kwenye lori nikiwa na mzigo na majivuno, vyote vizito. Sisi Walutheri wa Dakota Kaskazini, Marekani, wenye asili ya Norwe, hatulalamiki. Mtu akivunjika mguu husema umechoka kidogo.

Ndiyo maana daktari wa serikali aliponiambia niiname kadiri niwezavyo, niliinama mpaka vidole vikagusa sakafu. Akaandika: ulemavu, asilimia kumi, na fidia ya jeshi hulipwa kwa asilimia. Kuinuka, ilibidi mke wangu Lorna anivute kwa mkanda wa suruali. Nikakata rufaa.

"Asilimia tutaipandisha," akasema Marlys, anayetusaidia askari wa zamani hapa wilayani. "Kazi ipo kwenye tarehe. Wanakuhesabia fidia kuanzia mwaka jana tu. Uliomba lini mara ya kwanza?"

"Tisini na nane," akadakia Lorna. "Wakalipoteza ombi lake. Miaka yote hiyo nimepika shuleni, nimezoa theluji peke yangu, huyu kalala sakafuni anasema kachoka kidogo. Hiyo tarehe naitaka."

Nikakagua vifungo vya koti langu. Kunyamaza ndicho kipaji changu.

Siku ya kusikilizwa rufaa, jaji alitokea kwenye skrini, mama mpole mwenye miwani. Akainua karatasi.

"Ombi halikupotea. Lilifutwa kwa barua hii: 'Naondoa ombi langu. Wako walioumia kuliko mimi. Samahani kwa usumbufu.' Sahihi ni ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

Wiki ile ya tisini na nane nilikaa kwenye foleni ya waombaji jirani na mtu asiye na miguu, nikaona haya, nikaandika ile barua. Nyumbani sikusema kitu. Sasa Lorna alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

"Na leo mgongo ukoje?" jaji akauliza.

"Hauna neno," nikajibu kabla sijafikiri. Marlys akafumba macho.

Kwa miezi minne Lorna alinisemesha habari za chakula na takataka tu. Kisha bahasha ikaja. Asilimia arobaini, shukrani kwa vyeti vya hospitali, si kwa mdomo wangu. Tarehe ilibaki ya mwaka jana. Lorna aliisoma akiwa amesimama.

"Arvid, mgongo unauma?"

"Unauma."

"Tangu lini?"

"Tangu tisini na moja."

"Hiyo tarehe mimi ningekupa," akasema, "kama ungeniambia."

"Samahani kwa usumbufu," nikasema, na akanichapa kwa ile bahasha.