Bushi ya Mashine ya Baba Anaeli

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya kipande cha shaba kinachoenea kiganjani. Wenzangu wa Akheri mnaijua mashine ya mume wangu, ile ya kumenyea kahawa mbivu, iliyo nyuma ya jiko langu. Miaka yote jioni ikifika mlimsikia Baba Anaeli akiizungusha, kwata kwata, kwata kwata, sauti inashuka mpaka bondeni. Alipofariki, mashine ilinyamaza misimu miwili. Msimu huu kahawa ikazaa mpaka matawi yakalala, nikasema haitaoza nikiwa hai.

Tatizo lilikuwa bushi, ile pete nene ambayo mhimili wa mashine, shafti, huzunguka ndani yake. Yetu ilikuwa imelika. Zamani vipuri vilikuja kwa chama cha ushirika. Siku hizi za biashara huria maduka ya mjini yamejaa redio na mitumba, lakini bushi ya mashine ya kizamani huioni. Kwa hiyo ile yetu iliyolika nilimpa jirani yangu Elifuraha, anayepeleka ndizi mjini, aifikishe kwa Fundi Shabani wa Kaloleni, mkereza vyuma. Ujumbe ulikuwa mfupi: atengeneze kama hii hii, asibadilishe hata unywele. Niliusema kwa ukali, maana mafundi wa mjini nawajua, au nilidhani nawajua.

Ikarudi mpya inang'aa, pamoja na ile kuukuu. Elifuraha akaipachika mpya, nikashika mkono wa mashine. Kwata kwata. Jamani, nililia pale pale, nikaona kama mume wangu amerudi kutoka shambani. Halafu nikachungulia ndoo. Punje zilikuwa zimepasuka, nyingine chenga kabisa. Wanunuzi binafsi wanakuja mpaka mlangoni sasa, ndiyo, lakini ukiwaonyesha kahawa ya namna ile wanageuza gari. Na kahawa ilikuwa imeiva, ilikuwa ivunwe wiki ile au ianguke. Nikasema huyu fundi amenidharau. Naenda mwenyewe.

Jumatatu, jua halijatoka. Nilimwambia Elifuraha aichomoe shafti, nimwonyeshe fundi jinsi bushi yake inavyocheza. Nikaifunga kwa khanga mgongoni. Bushi mbili nikatia kwenye kikapu pamoja na konzi mbili za punje zilizopasuka, ushahidi wangu. Pale Tengeru, nikisubiri gari, mama mmoja muuza parachichi akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ni mzee kuliko yeye. Akafunua khanga kidogo, akakuta chuma, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyepungukiwa.

Njiani kuelekea mjini Mlima Meru ulikuwa kulia kwangu, umevua mawingu. Nilihesabu mashamba ninayoyajua, nikaacha. Kwa wengi kahawa imeng'olewa, wamepanda nyanya na mahindi. Siwalaumu, nyanya haihitaji mashine. Lakini mimi nimeolewa chini ya maua ya kahawa, yale meupe yanayonukia siku chache tu kisha yanakwisha, na sijui nikiamka nikute nyanya nitajiita nani.

Saa tatu nilikuwa Kaloleni. Karakana ya Fundi Shabani ni chumba cheusi kwa mafuta, na katikati mashine ya kukerezea kubwa kama kitanda. Mwenyewe ni mtu mzima, kofia ya kufuma kichwani, mpole wa sauti. Alinisalimu, "Shikamoo, bibi." Nikamjibu, "Sitaki shikamoo yako, nataka bushi yangu."

Nikamwaga kila kitu juu ya meza yake. Hakukasirika. Alizishika zile bushi mbili, ya kwangu na aliyoitengeneza, akaziweka sambamba.

"Bibi, pitisha kidole ndani ya hii yako."

Nikapitisha. Tundu halikuwa la mviringo, lilikuwa limelika upande mmoja, limekuwa yai.

"Sasa pitisha kwenye yangu."

Yai vilevile. Akaniambia mviringo mashine inakata yenyewe, haichukui muda. Yai alilitengeneza kwa mkono, kwa tupa, kutwa nzima, akipima kila mara ili lisitofautiane na la kwangu.

"Uliona ni kosa?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Mtu mzima ametuma neno, asibadilishiwe hata unywele. Ningempa nani jibu kwamba bibi amekosea? Mwenye ndizi?"

Nilikaa juu ya tairi moja lililokuwa pale. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kutwa nzima, yote yakaniishia. Nilimwagiza ugonjwa, naye kwa heshima akaniletea ugonjwa mpya.

Ndipo tukaanza upya. Akaniuliza bushi hii inafanya kazi gani. Hakuna aliyemwambia. Alidhani ni ya pampu, na kahawa mbivu ikimenywa hajawahi kuiona, yeye ni mtu wa chai. Basi nikachukua chaki yake nikachora mashine sakafuni. Akauliza inazungushwa kasi gani, nikasimama katikati ya karakana nikazungusha hewa kama wazimu, mafundi wa jirani wakaja kuchungulia. Akauliza kama inapata maji. Nikasema maji yanamwagika juu yake muda wote. Akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ndilo alilotaka kujua, kwa hiyo ibaki shaba, chuma kingeshika kutu. Alipoona punje zilizopasuka hakuuliza zaidi. Akaifungua khanga, akaipima shafti, akakuta nayo imelika. Akaniambia ningeiacha nyumbani, hata bushi ya mviringo isingefaa, kwa sababu hivi viwili vinatengenezwa vikionana.

Adhuhuri alikwenda kuswali, akaniacha nilinde karakana. Nilikaa nimeipakata ile shafti. Mahali mkono wa Baba Anaeli ulipoishika akiipaka grisi kila msimu pamekuwa laini kama kijiko. Nilipaona siku ile kwa mara ya kwanza.

Aliporudi aliikwangua shafti kidogo, akakereza bushi mpya, akachonga mfereji mwembamba wa grisi. Kabla hajanikabidhi alisema, "Sasa niambie wewe, bibi, nimefanya nini na kwa nini." Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, akanirekebisha mara mbili, nami nikakubali kurekebishwa. Aliomba ile kuukuu aiyeyushe. Nikakataa. Mlangoni nikamgeukia.

"Marahaba," nikamwambia.

Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

Jioni, nyumbani. Elifuraha akapachika, nikatia kahawa, nikazungusha. Maganda yakaenda huku, punje huku, nzima, zinateleza kama mbegu za papai. Nikasubiri. Nilisikia maji tu.

"Bibi, mbona haisikiki?" Elifuraha akaniuliza.

Nikaendelea kuzungusha. Ile kwata kwata niliyoililia misimu miwili ilikuwa shafti inagonga ndani ya tundu bovu. Mume wangu alizeeka pamoja na mashine yake, nami nilidhani ule ni wimbo.

Nawaandikia hivi wenzangu wenye mashine kama yangu. Mkienda kwa fundi, msimwambie tu kama hii. Mwambieni kitu kinafanya kazi gani, pelekeni na mwenzake anayekaa nacho, na mumpe ruhusa ya kuwaambia mmekosea, hata kama mna mvi. Kahawa yangu mnunuzi ameichukua yote, hakurudisha hata punje.

Ila bushi kuukuu ninayo, chini ya mto. Msimu ukiisha nitamwambia Elifuraha anipachikie, jioni moja tu. Kwa hiyo mkisikia kwata kwata inashuka bondeni na miti haina hata tunda moja, msije kuuliza ninamenya nini.