Gia Nilizoichagulia Pikapu ya Baba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nakaa wima kwenye kiti hata kama mgongo unauma. Ni siku niliyoipandisha pikapu ya baba mlimani ikiwa na dagaa wa ufukwe mzima. Watu husema mwanamke mtu mzima hajisifu. Mimi leo nitajisifu, nawe utanivumilia, maana jana nilikuona umelinyanyua gari lako, umelivisha matairi makubwa, halafu unaulizia gia kwa vijana wenzako kijiweni.

Kwetu ni mbele ya Butimba, ziwani kabisa. Mama na wanawake wenzake walianika dagaa, baba alikuwa na pikapu ya kuwapeleka sokoni Kirumba, na dereva nilikuwa mimi. Ndiyo, mimi, msichana! Kutoka ufukweni kwenda barabarani kuna mlima wa mawe, na yale mawe yalikuwa yanagonga difu, lile bonge la meno chini ya gari linalozungusha magurudumu, kila safari. Kaka yangu Magesa akashauri tuinyanyue. Tukaongeza springi, tukafunga matairi makubwa. Loo, ilipendeza! Mawe yakawa yanapita chini bila kugusa kitu.

Ila nguvu ikaisha. Gia ya kwanza ikawa kama ya pili. Nikiwa na mzigo, nafika katikati ya mlima klachi inanuka, injini inazimika, narudi kinyumenyume huku wanawake wanapiga mayowe. Ikatokea mara ya kwanza, ikatokea tena. Dagaa wakanyeshewa ndani ya magunia, wakaishia kwa wafuga kuku. Mama hakunilaumu, lakini alilia, na mimi nilimwona. Baba akasema mbele za watu, "Ikikwama tena, usukani anachukua Magesa." Jamani, niliumia! Ule usukani ndio ulikuwa maisha yangu.

Tukaenda na Magesa kwa Mzee Shabani, fundi wa Kirumba aliyezeekea kwenye oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mmeifanya nini hii pikapu?"

Akaizunguka, akacheka peke yake, kisha akatufokea. "Mmeivisha viatu vya baba yake, halafu mnashangaa haiwezi kupanda! Tairi likiwa kubwa, injini inahangaika zaidi kulizungusha. Mmebadilisha matairi, kwenye difu mkaacha meno yaleyale. Mlidhani nani atabeba hiyo tofauti?"

Akatuonyesha ndani ya difu: gia ndogo, pinioni, inayozungusha gia kubwa, krauni. Pinioni ikizunguka mara nyingi zaidi kabla tairi halijageuka, gari linapata nguvu, mbio zinapungua. Magesa alitaka meno ya zamani yabaki. "Kwenye lami linapaa hilo!" akasema. Mimi nikadakia nikitaka seti ya meno yenye nguvu kupita zote, gari lipande hata ukuta.

"Na wewe ni walewale," mzee akanigeukia. "Ukifunga hiyo, mlimani utapeta, lakini njia nzima ya kuja Kirumba injini itapiga kelele mpaka ife. Mlima wenu ni mfupi, barabara ni ndefu. Chukua seti ya kurudisha nguvu zilizoliwa na tairi, uongeze kidogo kwa ajili ya magunia. Basi." Nikanywea, maana alikuwa amesema kweli.

Seti ya katikati ilikuwepo, lakini ya difu la nyuma tu. Ya difu la mbele hakuwa nayo, na pikapu yetu huvuta mbele na nyuma.

"Funga ya nyuma tuondoke," Magesa akasema. "Ya mbele tutaona baadaye."

Mzee Shabani akanitazama mimi. Nilijua ule mlima haupandiki mpaka magurudumu yote manne yavute. Mbele kukiwa na meno mengine na nyuma mengine, yatashindana yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kivunjike, na nyuma yangu kuna mama na wenzake wanaofuata kwa miguu. Nikasema hapana, pikapu haitoki hapa mpaka seti ya mbele ipatikane.

Wee, mwanangu, walinisema! Dagaa wamekauka, mawingu yanajikusanya kila mchana, gari liko gereji. Shangazi aliniita mwenye kiburi. Baba akaacha kabisa kuzungumza nami. Nilikula chakula changu kimya, asubuhi narudi Kirumba kukaa gereji, mpaka Mzee Shabani akaipata ile seti kwenye gari bovu. Akafunga mbele na nyuma, sawasawa.

Siku niliyorudi, mbingu zilikuwa nyeusi. Wakapakia mbio mbio, wakafunga turubai. Halafu wanawake wakaokota mawe, kama kawaida yao, wanifuate nyuma wayatupie chini ya tairi gari likianza kurudi. Mama naye akaokota lake. Iliniuma, lakini nilikaza moyo. Nikaingiza gia ya kwanza, magurudumu yote manne yakivuta, nikaachia klachi taratibu.

Pikapu ikapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Haikutetemeka, haikunuka. Nikapita pale pa kuzimikia, nikaendelea. Kwenye kioo nawaona wanawake wananifuata, wanahema, mawe mikononi, hakuna hata mmoja aliyeliweka chini jiwe lake. Tulipotokea barabarani mama alilitupa lake akapiga vigelegele, na mvua ikashuka. Nililia pale kwenye usukani, nakwambia kweli, nililia kwa furaha.

Watu wakamkimbilia baba, aliyekuwa akitungoja pale barabarani, kumpa mkono, hongera, hongera ya gari. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno matamu hata kanisani. Akairudisha mikono yake nyuma.

"Mkono mpeni dereva," akasema. "Mimi nilitaka kumshusha."

Sasa nisikilize, mwanangu. Usichague gia kwa macho ya kijiweni. Jaza mzigo unaobeba kweli, pita njia unayopita kweli, ndipo uende kwa fundi. Ukiongeza tairi, ongeza na nguvu ya difu, kwa kiasi kilekile na kidogo cha mzigo, usizidishe kwa tamaa ya kupanda ukuta. Mbele na nyuma visipishane hata kidogo. Na ukishajua uko sahihi, waache waseme, hata akisema mzazi wako. Mheshimu, mnyamazie, lakini usiingize watu mlimani kwa kazi ya nusu.

Nenda, mwanangu, Mungu akubariki. Mikono yako iwe na utulivu kwenye usukani. Akuletee mizigo ya watu wanaokuamini, na kila mzigo akupe nguvu za kuufikisha juu.