Marahaba Iliyokosa Shikamoo

Nilimwonea wivu Mjapani yule kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamke yeyote, hata wale waliokuwa wakichekacheka na marehemu mume wangu. Alikuwa mama mpole, aliyefundisha watoto Kijapani kila Jumamosi maktabani, karibu na kwetu Saltley, huku ughaibuni. Kwa majuma machache tu alipata kwa binti yangu kitu ambacho mimi nilikililia tangu mtoto aanze kusema.

Kiswahili binti alikielewa chote, hata nikimsengenya kwenye simu, ila alijibu kwa Kiingereza. Akirudi kutoka shule ni "Hi, Mum," na mkoba unatupwa ngazini. Shikamoo hakuna. Na sisi tuliolelewa Tanga tunajua, mkubwa haanzi. Anangoja aamkiwe ndipo aitikie. Marahaba yangu ikaniozea mdomoni.

Sasa ghafla, asubuhi ni "ohayoo gozaimasu" na kichwa kinainama. Kabla ya kugusa chakula, viganja pamoja, "itadakimasu," ndiyo shukrani hiyo. Wali nimepika mimi, nazi ya kopo nimeibeba mimi kutoka madukani Alum Rock, adabu anapelekewa Mjapani! Na akiingia nyumbani alivua viatu, akavipanga vizuri, akaita, "Tadaima!"

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza siku moja, kwa ukali.

"It means nimerudi, Mum. And you're supposed to answer. Okaeri. Kama karibu nyumbani."

"Supposed na nani?"

Nikanuna. Kila jioni aliita, akasubiri kidogo pale mlangoni, kisha akapanda zake chumbani. Mimi jikoni nilijifanya nakatakata vitunguu. Lakini kule kusubiri kwake nilikujua. Ndiko nilikokaa nako mimi miaka yote, masikio wazi, nikitaka neno moja tu kutoka kwake.

Siku moja ya mvua akaita tena, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Okaeri," nikasema, shingo upande.

Alikuja mbio na soksi zake, akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia nimekosea matamshi. Nikacheka, nikambana kifuani. Na wivu ukanichoma palepale, kuliko siku zote: mwanangu alikuwa ameniamkia, nami nimemwitikia, na hakuna hata neno moja lililokuwa langu.